Majike Kumi na Mmoja

3 Februari

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa kitini, maana katika ile ya Desemba ulisema kitanda kimeanza kukuzoea kuliko unavyopenda. Sisi huku hatujambo. Mume wangu bado anapanda kreni yake kila asubuhi na kushuka jioni amekunja shingo kama kuku aliyenyeshewa. Ofisini wametuletea mashine mpya za kuchora ramani, na mimi niliyezoea kalamu na rula nimerudishwa darasa la kwanza mbele ya vijana wanaoniita mama.

Sasa nikupe habari yenyewe, maana inaniwasha. Furu wa Baba, wale samaki wake wadogo wa matangini, wanarudi ziwani.

Bwana samaki wa kituo cha utafiti alikuja nyumbani wiki mbili zilizopita. Nilidhani amekuja kunikagua. Kumbe alikuwa amezunguka kote akiulizia furu wa ghuba, wale wa ubavu wa buluu na ukingo mwekundu mkiani. Anasema pale ghubani, Baba alipochukua jozi yake ya kwanza, hajavuliwa hata mmoja kwa miaka kumi na mitano. Tope na magugu viliwamaliza. Sasa maji yametakata, lakini wenyewe hawapo, na kila alipouliza aliambiwa jibu moja: nenda kwa binti wa yule fundi cherehani.

Alisimama mbele ya matangi akasahau chai yake. Kisha akauliza kama wamewahi kuchanganyika na furu wengine. Nikamjibu kifua mbele kwamba kamwe, na kama ana shaka akuulize wewe, mwalimu wa biolojia, uliyekuwa macho ya Baba tangu macho yake yalipoharibika. Akaliandika hilo kwenye fomu yake. Mwezi wa sita vifaranga mia moja na arobaini watamwagwa ghubani. Fikiria, Baba Mdogo. Mtu aliyeshona mashati maisha yake yote, na samaki wake ndio watakaojaza ghuba.

Nina swali dogo la kitaalamu. Madume wachanga wa uzao huu, kama watatu katika kila kumi, wana ukingo wa manjano mkiani badala ya mwekundu. Nimekuwa nikiwapa kiini cha yai zaidi ya kawaida. Je, ni chakula?

Msalimie dada anayekutunza. Mwambie dawa zako asikuachie mwenyewe, nakujua.

Mwanao,
Chuchunge


21 Februari

Chuchunge mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta kitini, kando ya dirisha, na shali begani kama bibi harusi aliyechelewa. Figo ndizo zinazonisumbua. Daktari wangu ni yule kijana niliyemfundisha kidato cha pili akashindwa kuchora figo, na leo ndiye anayenieleza habari za figo zangu. Anaeleza vizuri, nimempa alama saba. Masikio nayo yamestaafu kabisa, kwa hiyo usiniletee habari za simu. Dada huiweka sikioni mwangu nikasikia tu kitu kama mchanga unaomwagwa. Macho bado, nikishika kioo cha kukuzia. Mungu ana utani wake.

Nimefurahi kusikia habari za kreni na za mashine mpya. Usiogope mashine, wewe tangu mdogo ulikuwa na mkono ulionyooka.

Habari ya ghuba nimeisoma mara nne. Baba yako angecheka bila sauti, mabega yakitikisika tu, kama alivyocheka siku alipomshonea mwalimu mkuu suruali yenye mfuko mmoja. Nakumbuka alivyokuwa akiwapandisha: dume anacheza mbele ya jike akimwonyesha yale madoa ya pezi lililo chini ya tumbo, yanayofanana na mayai, jike anayaokota mayai yake moja moja mdomoni, kisha anafunga mdomo wiki tatu bila kula. Baba yako alikuwa akipunguza sauti ya cherehani siku hizo, eti asimshtue mzazi.

Kuhusu ukingo wa manjano, yawezekana ni chakula. Punguza kiini cha yai.

Lakini nakushauri, kwa nini haraka? Maji ya ghuba yametakata mwaka huu, mwakani je? Mwambie bwana samaki asubiri mwaka mmoja. Samaki hawaendi popote.

Kulikuwa na jambo jingine. Nililianza kwenye karatasi hii nikaigeuza upande wa pili, ndiyo maana unaona mstari uliokatwa. Liache kwanza.

Kula vizuri. Chuchunge ni samaki, si lazima uendelee kufanana naye.

Baba yako mdogo


10 Machi

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa figo na hongera kwa daktari kupata saba. Huku mvua imeanza na choo cha nje kimejaa vyura. Mume wangu amepata likizo ya siku kumi na amezimaliza zote akitengeneza pampu ya hewa ya tangi la tatu. Anasema yeye katika nyumba hii ni mgeni wa samaki, wakipenda watamfukuza. Kuna jike mmoja yuko siku ya kumi na nane na mayai mdomoni, amekonda hadi kichwa kimekuwa kikubwa kuliko mwili, na mume wangu alitaka kumlisha kwa bomba la sindano. Nilimtoa sebuleni.

Nimepunguza kiini cha yai. Manjano bado yapo.

Sasa nikuulize bila kuzunguka. Mbona hukufurahi? Nimemsomea mume wangu barua yako, naye akasema huyu mzee anatumwagia maji baridi kwa kijiko. Mwaka mmoja wa nini? Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikadhani nimeelewa: unaogopa hutakuwepo, na huwezi kusema. Basi nimefanya hivi. Nimemwomba bwana samaki asisubiri mwezi wa sita. Amekubali. Ni Jumamosi tarehe 5 Aprili, asubuhi. Nataka uwe hai kusikia kwamba limefanyika.

Na watu wa kituo wanaomba jambo moja. Wanataka maneno machache kutoka kwako yasomwe pale ufukweni, kwamba ukoo huu ni safi tangu jozi ya kwanza. Baba hayupo, hivyo shahidi aliyebaki ni wewe. Mistari mitano inatosha. Iandike kwa ule mwandiko wako wa ubaoni.

Ule mstari uliokatwa niliuweka mbele ya taa. Niliona neno "ndoo" tu. Ndoo gani, Baba Mdogo?

Mwanao,
Chuchunge


25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika jana mchana. Sijambo, hilo tuliache. Leo niruhusu nisiulize habari za nyumbani, nikishazianza nitajificha humo tena.

Kabla sijaanza kuandika nimemwambia dada akupigie simu akuambie samaki wasiondoke mpaka barua hii ifike. Sababu sikumpa. Neno hili ni langu, siwezi kulipitisha mdomoni mwa mtu mwingine. Barua ataipeleka stendi ya mabasi keshokutwa, maana naandika polepole.

Samaki wako si furu wa ghuba. Au ni nusu, au robo. Mimi ndiye niliyewachanganya, miaka kumi na tisa iliyopita, kisha nikamdanganya baba yako.

Sasa nieleze jinsi ilivyokuwa.

Unakumbuka mwaka ule baba yako alipolazwa kwa ajili ya mtoto wa jicho. Wewe ulikuwa chuoni. Alikaa wiki tatu, na aliniachia ufunguo wa chumba cha nyuma, chenye matangi tisa. Wakati huo alikuwa na furu wa aina mbili: wale wa ghuba, na wale wa mwambani, wenye mkia wa manjano, ambao rafiki yake mmoja alimpa. Madume hata mtoto angewatofautisha. Lakini majike unawajua. Wote wana rangi ya vumbi la barabarani. Tofauti yao ilikuwa ule mstari mwembamba wa ubavuni ambao baba yako aliuita mshono. Kwa aina moja mshono ni mzima, kwa nyingine umekatika katikati.

Alikuwa na sheria moja, na aliirudia tulipokuwa tukisubiri gari la kumpeleka hospitali: tangi moja kwa siku, kwa ndoo yake na wavu wake. Ndoo ya majike wa ghuba ilifungwa kitambaa chekundu kwenye mkono, ya wale wengine kitambaa cha kijani. Nilimwambia, kaka, mimi nina shahada ya viumbe. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nakuambia."

Jumapili ya pili nilikuwa nimechelewa kucheza drafti kwa kinyozi. Hiyo ndiyo sababu, hakuna kubwa zaidi. Matangi mawili ya majike yalihitaji kusafishwa, na mimi nikaona nitayamaliza yote kwa mara moja. Ndoo ya kijani ilikuwa imejaa maji yaliyokuwa yakipoa, sikutaka kuyamwaga. Nikawatia wote katika ndoo nyekundu. Sita wa ghuba na watano wa mwambani, majike kumi na mmoja. Nilisema moyoni: nitawatenganisha kwa macho.

Nilipomaliza kusafisha nikainama juu ya ndoo. Mshono haukuwepo. Samaki akiogopa rangi humtoka, wewe unajua, na mimi nilikuwa nimelifundisha hilo darasani kwa miaka. Walikuwa kumi na mmoja wenye rangi ya majivu. Nikasubiri saa nzima. Michirizi ikaanza kurudi, hafifu, na hapo ndipo nilipogundua jambo baya kuliko kuwachanganya. Sikukumbuka mshono uliokatika ni wa nani. Wa ghuba au wa mwambani? Baba yako alinieleza mara ishirini. Nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Mwanangu, sikuwa nikimsikiliza, kwa sababu aliyekuwa akieleza ni fundi cherehani na aliyekuwa akielezwa ni mwalimu. Cherehani yake ndiyo iliyonisomesha, nami nikasoma mpaka nikaacha kumsikiliza.

Nikafungua vitabu vyangu. Havikuwa na mshono. Nikachagua sita kwa kubahatisha, nikawarudisha kwenye tangi la ghuba, watano kwenye tangi lingine. Kwa kinyozi sikwenda.

Ningeweza kwenda hospitali siku ile ile kumweleza. Angesema tenga wote, tusubiri, tutaangalia wanavyozaa. Samaki wangeokoka. Lakini nilijiambia atakuja mwenyewe, atatazama mara moja, ataniita mjinga, tutacheka.

Alirudi jicho moja limekufa, la pili likiona kama mtu anayetazama kupitia maziwa. Hata sindano hakuweza tena kuitunga. Jambo la kwanza alilofanya, kabla ya kuvua koti, ni kupapasa ukuta hadi chumba cha nyuma na kuketi mbele ya tangi la ghuba. Uso aliuweka karibu mpaka pua ikagusa kioo. Kisha akauliza:

"Mdogo wangu, hao ndio wenyewe?"

Nikasema, "Ndio wenyewe."

Akasema, "Basi. Kuanzia leo macho yangu yako kichwani mwako."

Aliishi miaka kumi na tano baada ya siku hiyo. Kila mwaka aligawa vifaranga, akisema hawa ni wa ghuba, damu moja, muulizeni mdogo wangu. Na wakiniuliza niliitikia. Wale wa mwambani tuliwagawa, nadhani mnakumbuka, eti hakuna nafasi. Mimi ndiye niliyeshauri. Na mwezi uliopita uliponiuliza habari za ukingo wa manjano nilikujibu kiini cha yai. Nina miaka themanini na moja, niko karibu kuondoka, na bado nilikudanganya kwa yai.

Mambo mawili nakuomba usiyafanye. La kwanza, usitafute faraja kwamba alijua. Watu watakuambia kaka hujua, alinyamaza kwa upendo. Hakujua. Aliniamini, ndivyo ilivyokuwa. La pili, usinifananishe na yule jike anayefunga mdomo. Yeye hufunga kwa ajili ya watoto. Mimi nilifunga kwa ajili yangu.

Nimeambatanisha barua ya bwana samaki, yenye jina langu kamili na sahihi. Mpe. Usiipunguze makali.

Sikuombi kitu.

Baba yako mdogo


3 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua imefika leo, Alhamisi. Dada alinipigia wiki iliyopita, nikamwitikia ndiyo, nikadhani ni wasiwasi wa uzee, nikaendelea kukata mifuko ya kuwasafirishia.

Samaki hawatakwenda.

Leo siwezi kuandika zaidi.


22 Aprili

Mwanangu,

Tangu ile fupi ya tarehe 3 sina barua yako nyingine mkononi, kwa hiyo sijui niitikie salamu gani. Natumaini mnaendelea vizuri, na kwamba mvua imepungua. Mimi sasa natoka kitandani mara moja kwa siku. Dada ameniletea redio nisiyoisikia, kwa sababu anapenda nyimbo yeye mwenyewe, na mimi napenda kumwona akitikisa kichwa huku akifua.

Sikuandikii kukusukuma. Naandika kwa sababu nimekumbuka kitu, na sina uhakika nitaamka nacho kesho.

Kabla ya mwaka wa hospitali, kabla ya ndoo, baba yako aliwahi kugawa furu wa ghuba mara mbili. Mimi ndiye niliyewapeleka, mifuko ikiwa ndani ya kikapu na kikapu mapajani. Wanne walikwenda kwa fundi redio aliyekuwa na duka mkabala na kituo cha mafuta. Sita walikwenda kwa mkunga aliyekuzalisha wewe. Alikuwa na tangi dogo chini ya ngazi. Nakumbuka kwa sababu alinilaumu kwamba nimewatikisa.

Ni zamani sana na huenda hakuna kitu. Lakini wale walitoka mikononi mwa baba yako wakati macho yake yalikuwa mazima. Mimi sikuwagusa ila kwa kikapu.

Baba yako mdogo


18 Mei

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mume wangu anakusalimu, shingo yake imepona baada ya kununua mto mpya. Mimi nimeshazijua zile mashine za ramani, na sasa wale vijana wananiuliza mimi. Vyura wameondoka.

Nilikasirika wiki sita. Nakuambia ili usije ukafikiri barua zilipotea. Niliandika tatu nikazichana. Moja ilikuwa na maneno ambayo Baba angeyasikia angenichapa kwa utepe wa kupimia.

Siku ile ya Alhamisi nilikwenda kituoni moja kwa moja. Nilimpa bwana samaki barua yako, sikuipunguza. Aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena. Nilisubiri anifukuze. Akasema tu kwamba aibu ya mezani ni afadhali kuliko aibu ya ziwani. Kisha akafuta tarehe kwenye ubao wake. Nyumbani mume wangu alikuwa ameshaanza kufunga mifuko. Alifungua mmoja mmoja akiwarudisha matangini, na kwenye mfuko wa mwisho akasema, "Wenye nyumba wamerudi." Nilicheka nikilia.

Waliwapima vinasaba. Ulikuwa sahihi, ni mchanganyiko.

Lile ulilonikataza nililifanya. Nilitafuta kama Baba alijua. Nilitoa madaftari yake yote, yale aliyoandika mwenyewe na yale aliyokuwa akiniambia niandike baada ya macho kuisha. Nilitaka sana nipate sentensi moja. Hakuna. Wala hakuandika mshono uliokatika ni wa nani. Kila mahali ni "mdogo wangu ameangalia, asema ni wenyewe". Hakujua. Ulisema kweli, na ukweli huo ndio uliokuwa mchungu kuliko wote.

Lakini kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyojiona na mimi. Ule mkia wa manjano haukuanza mwaka huu. Nimeangalia picha zangu, upo tangu miaka mitatu nyuma. Nina macho mawili mazima, Baba Mdogo, na nilichokuuliza ni habari ya kiini cha yai. Nilikuuliza hivyo kwa sababu jibu hilo ndilo nililolitaka. Mtu aliyenifunga kitambaa machoni hakuwa wewe peke yako.

Kwa hiyo hasira imeisha. Haikuondoka kwa heshima, imechoka tu. Bado nasikitika, ila nasikitika pamoja na wewe, na hilo ni jambo jingine.

Sasa sikia. Fundi redio amefariki, na watoto wake wanafugia kobe kwenye lile tangi. Nikaenda kwa mkunga. Ana miaka sitini na mingapi sijui, ananipigia hesabu ya umri wangu mbele ya watu. Tangi lipo, chini ya ngazi vilevile. Hakuwahi kuweka samaki wengine, anasema hakuwa na nafasi wala hamu. Wajukuu na vitukuu wa wale sita. Madume wawili, wakubwa, ukingo mwekundu kama wino wa kusahihishia. Majike wanne.

Bwana samaki hataki kushangilia. Anasema tangi lilikaa mahali wazi kwa miaka yote hiyo na mtu yeyote angeweza kutumbukiza kitu. Vipimo vitachukua muda. Lakini mkunga amenipa majike wawili kwenye chupa, niwatunze.

Nitakuja Jumamosi, tarehe 31. Nitakuja nao. Nataka uwatazame.

Mwanao,
Chuchunge


9 Juni

Chuchunge mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii shikamoo yako niliipokea kwa mkono. Natumaini ulifika salama na basi halikukutupa huku na huko. Dada bado anakula zile ndizi ulizoleta na anasema urudi. Daktari amekuja jana. Nimempunguzia alama moja kwa kuniangalia kwa huruma.

Ulipokuwa hapa sikusema mengi. Pumzi ni chache, na kuzungumza kupitia kile kibao cha chaki dada alichokupa kunachosha. Kwa hiyo naandika.

Uliweka chupa dirishani, nami nikachukua kioo cha kukuzia. Wote wawili walikuwa rangi ya majivu, kwa safari. Ukawafunika kwa kanga yako, tukawasubiri watulie. Nilikutazama. Una namna ya baba yako ya kusubiri, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeambiwa nguo yake itakuwa tayari jioni.

Ukaifunua kanga. Mshono ulikuwepo. Kwa mmoja niliona umekatika. Kwa mwingine nikigeuza kioo hivi unaonekana mzima, nikigeuza vile umekatika. Nawe ukaandika kwenye kibao: Ndio wenyewe?

Mwanangu, ulikuwa umesafiri kwa muda wa saa tisa na chupa mapajani. Miguu yako ilikuwa imevimba. Ulikuwa unanitazama kwa uso ambao nisingependa kuuona ukinywea. Nami nilitaka kukupa kitu kabla sijaenda, na nilichokuwa nacho kilikuwa hicho kimoja tu. Neno lilikuja, lilifika hapa kwenye meno. Lilikuwa tamu kama siku ile ya kwanza. Sasa najua siku ile sikuogopa kuitwa mjinga peke yake. Nilitaka pia kumfurahisha.

Nikasema, "Sijui."

Sikuisikia sauti yangu, kwa hiyo sikuwa na hakika imetoka, nikasema tena. Sijui, mwanangu. Kwa umri wangu wote mbele ya ubao, na mbele ya kaka yangu, sikumbuki kuwahi kulitamka neno hilo kwa sauti.

Nilidhani uso wako utanywea. Wewe ulifuta kibao kwa kiganja, ukaandika: Hata mimi. Kisha ukanisukuma kidogo nisogee ukutani, ukapanda kitandani na viatu vyako vyenye vumbi, tukakaa pamoja tukiwatazama.

Baba yako mdogo